Masta Iko kwa Nani?

Jamani, nina swali moja. Ni fupi, halina chama wala halihitaji kamati. Kila mara tunapomsimamisha jukwaani mzee wa kidumbak au bibi wa taarab, tukampa cheti, tukapiga naye picha na kumwita hazina ya taifa, mbona hakuna anayeuliza: rekodi zake, zile alizopiga miaka ishirini au thelathini nyuma, masta iko kwa nani?

Kwa asiyejua, masta ni ile rekodi ya asili inayozaa nakala zote. Zamani ilikuwa kanda, leo ni faili kwenye diski. Kanda za dukani, CD, wimbo ulio kwenye simu yako, vyote ni watoto wa masta. Aliyeishika ndiye anayeamua wimbo utoke au ulale kabatini, uuzwe kwa bei gani, utumike kwenye filamu ya nani, na jina la nani liandikwe kwenye jalada. Mzee wetu kaimba, kapiga fidla mpaka vidole vikaota sugu, lakini masta haijui iliko. Cheti anacho, kakitundika ukutani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asije mtu akasema nazungukazunguka. Muziki wa asili wa Unguja hauna upungufu wa matamasha, makongamano wala wafadhili wa kuuhurumia. Unachokosa ni lebo ndogo, ya wanamuziki wenyewe, inayoshika masta kwa niaba ya waliopiga. Na ningependa lebo hiyo iwe Chwaka, isiwe Mji Mkongwe. Sababu ninazo, twende taratibu.

Nianze na Chwaka yenyewe, maana wengi wetu wa mjini tunaijua kwa mapumziko ya Idi na samaki wa kukaanga. Ni mwendo wa kama kilomita 30 kutoka mjini, upande wa mashariki ya kisiwa, kwenye ghuba pana yenye mikoko. Watu wake wanaishi kwa bahari, na bahari hiyo imewafundisha aina mbili za biashara.

Ya kwanza ni samaki. Ngalawa ikirudi, samaki wanamwagwa pwani, dalali anaita bei, wanunuzi wanapandishiana. Mvuvi yupo pale pale, miguu imejaa mchanga, anasikia kila shilingi inayotajwa. Dalali ana fungu lake, na fungu hilo kila mtu analijua. Hasara ipo, ujanja upo, lakini mvuvi hawezi kuambiwa samaki wake kauzwa elfu tano wakati masikio yake yamesikia elfu kumi.

Ya pili ni mwani. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni kina mama. Mama anaingia majini bahari ikitoka, anafunga mbegu kwenye kamba, anavuna, anaanika, anauza kwa kilo kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Mwani unapanda meli. Huko uendako unageuzwa unga wa kugandishia aiskrimu na dawa ya meno. Bei ya aiskrimu mama haijui, na bidhaa ikipanda thamani huko mbele, kilo yake kule pwani inabaki ile ile, pengine inashuka.

Sasa niambieni, mwanamuziki wetu anauza kama mvuvi au kama mama wa mwani? Jibu mnalo. Na hao kina mama wamekwisha tuzidi akili, maana vipo vikundi hapa Unguja vilivyochoka kuuza mwani mkavu, vikaanza kutengeneza sabuni na kuiuza vyenyewe. Sabuni ya mwani ina jina la kikundi kwenye karatasi yake. Fidla ya Unguja bado inauzwa kwa kilo.

Turudi nyuma kidogo tuone tulifikaje hapa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Binti wa Fumba, aliyezaliwa kwenye umasikini, akawa sauti ya kwanza ya mwanamke wa pwani hii kuzunguka kwenye gramafoni. Santuri zake zilisikika kuanzia Unguja mpaka bara. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Kila mwaka tunamkumbuka, na tuna haki. Lakini tazama umbo la biashara yenyewe: kampuni ya Kiingereza, mitambo Bombay, santuri zinarudi Unguja kwa meli, na wenye sauti wananunua sauti yao dukani. Siti alifariki mwaka 1950. Umbo la biashara halikufa naye.

Ikaja redio. Studio ya Rahaleo ikarekodi vikundi vyetu kwa miaka mingi, na lazima tuseme ahsante, maana bila mafundi wa redio nyimbo nyingi zingekwisha kwenye kumbi za harusi. Lakini rekodi za redio zilikuwa za kurushwa hewani. Kikundi kiliingia, kikapiga, kikatoka. Kanda ikabaki kwenye rafu ya serikali. Zama za kaseti zilipofika, madukani ungeweza kurekodiwa taarab uitakayo wakati unasubiri, kanda moja inazaa kumi, kumi zinazaa mia. Wenye duka walikula. Wenye nyimbo walisikia nyimbo zao kwenye magari ya abiria, wakalipa nauli kama abiria wengine.

Halafu wakaja wageni. Mwaka 1988 lebo ya GlobeStyle ya London ilirekodi hapa Unguja, ikatoa mfululizo wa taarab ambao mpaka leo ni wa kujivunia: Seif Salim, Ikhwani Safaa, Culture Musical Club. Miaka ya 1990 ikaja Dizim Records ya Ujerumani, ikatoa mwaka 1997 rekodi ya kidumbak iliyokiita Ng'ambo kwa jina lake. Mwaka 2005 Buda Musique ya Paris ikaanzisha mfululizo wa Zanzibara, na toleo la kwanza likawa la kusherehekea miaka 100 ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905. Kikundi cha Unguja kinatimiza karne, na keki inakatwa Paris!

Naomba nieleweke. Simwiti mtu mwizi. Mikataba yao sijaisoma, na siwezi kumsingizia mtu kitu ambacho sijakiona. Tena nitasema zaidi: watu hao waliipenda taarab wakati vijana wengi wa hapa tunaona aibu kuisikiliza mbele ya marafiki. Bila wao leo tusingekuwa na rekodi safi za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki. Shukurani yao ipo.

Ila kuna jambo moja kuhusu GlobeStyle ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha maneno yangu yote. Mmoja wa waanzilishi wake, Ben Mandelson, ni mwanamuziki. Kapiga gitaa kwenye bendi ya Magazine, kapiga kwenye kundi la 3 Mustaphas 3. Na Real World, lebo iliyomchukua Remmy Ongala mwaka 1989 na baadaye Hukwe Zawose wa Bagamoyo, ilianzishwa na Peter Gabriel, mwimbaji. Mnaona? Tunaambiwa kwamba lebo ndogo inayoendeshwa na wanamuziki ni ndoto ya watu wasiojua biashara. Kumbe lebo za namna hiyo hiyo ndizo zilizovuka bahari zikatufikia hapa! Zilikuwa ndogo, ziliendeshwa na watu wa gitaa, na zilifanya kazi. Kasoro yake moja tu: zilikuja, zikarekodi, zikapanda ndege. Hazikuwa zetu.

Basi mtu asinambie haiwezekani. Aniambie kwa nini iwezekane London na isiwezekane Chwaka.

Najua majibu. Nimeyasikia barazani, nimeyasikia ofisini, nimeyasikia hata kwa wanamuziki wenyewe. Niyapitie moja moja.

La kwanza: siku hizi watu hawanunui muziki. Kweli, kwa wimbo wa kawaida, watu wanasikiliza bure au karibu na bure, na malipo ya mtandaoni kwa kila msikilizaji ni kama ya mchwa. Lakini muziki wa asili haukuwa kamwe biashara ya kuuza milioni. Ni biashara ya kuuza kwa mia chache wanaoupenda kweli kweli. Wapo Wazanzibari London, wapo Maskati, wapo Dubai, wapo Toronto, watu ambao fidla moja tu inawarudisha Vuga usiku wa harusi. Wapo wageni wanaokuja kila mwaka na kuondoka na kinyago cha mninga kilichochongwa sijui wapi. Mtandao kama Bandcamp unachukua asilimia 15 ya mauzo ya nakala za kidijitali na sehemu kubwa ya kinachobaki ni ya msanii. Tatizo la kweli lipo, na wenye kupinga wangelisema hilo ningewasikiliza: malipo ya huko yanapita PayPal, na kwa miaka mingi akaunti ya Tanzania imekuwa ya kulipia tu, ya kupokelea hapana. Hilo ni tatizo la benki. Halihusiani kabisa na eti watu hawapendi muziki. Na ndiyo sababu khasa ya kuwa na lebo, maana mpiga sanduku mmoja hawezi kulitatua akiwa peke yake, lakini chombo kilichosajiliwa, chenye akaunti na ndugu wanaoaminika nje, kinaweza.

La pili: wanamuziki hawaaminiani na hawajui hesabu. Hili linaniudhi kuliko yote. Ikhwani Safaa imepita karne nzima ikiwa na wanachama, uongozi na mikutano yake. Culture Musical Club ipo tangu 1958. Niambieni kampuni ngapi za mjini zilizofunguliwa na wasomi wa biashara zimefika nusu ya umri huo? Vikundi vya taarab vimepita enzi ya masultani, mapinduzi, uhaba wa kila kitu, na bado jioni udi unatoa sauti. Watu hao ndio mnasema hawawezi kutunza daftari? Kule mashamba kina mama wanaendesha upatu na vikundi vya kuweka na kukopa, kila senti inaandikwa, ole wako ukose zamu yako. Hesabu wanazijua. Wanachonyimwa ni kitu cha kuhesabu.

La tatu: tusubiri serikali, au tutafute mfadhili. Haya, tuangalie. Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na kuipeleka Unguja kwenye ramani ya muziki wa dunia, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu ya fedha. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichofungua milango 2002 pale Forodhani na kuwafundisha vijana wetu kanuni na udi, mwaka 2019 kilitangaza kwamba kiko hatarini kufunga kwa kukosa wafadhili. Hizo ni taasisi mbili zenye majina makubwa na marafiki wengi, na zimefanya kazi ambayo kila Mzanzibari anapaswa kuiheshimu. Lakini mfadhili akipiga chafya, sisi tunalazwa. Rekodi ni mali ya namna nyingine. Tamasha likikosekana mwaka huu, limekosekana. Masta iliyotunzwa inaweza kulala miaka kumi na siku ya kumi na moja ikauza tena. Mnazi haupandwi kila mwaka.

Na serikali? Sheria ipo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, kwa kuwa hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana ya kwao ya 1999 na COSOTA. Lakini sheria inamlinda mwenye karatasi. Ukienda kudai mrabaha, swali la kwanza ni kazi hii ni ya nani. Tena zipo haki mbili tofauti, na watu huzichanganya: haki ya utunzi, yaani maneno na lahani, na haki ya rekodi yenyewe. Kwenye ngoma za asili utunzi mara nyingi ni wa mababu, hauna mtu mmoja wa kuudai. Kinachobaki cha kudai ni rekodi. Na rekodi kwa desturi inamfuata aliyegharamia studio. Kwa hiyo mpiga kidumbak asiyegharamia rekodi yake anabaki mikono mitupu pande zote mbili: wimbo ni wa wote, rekodi ni ya mwingine. Serikali haiwezi kumlindia kitu ambacho hakuwahi kukishika.

La nne, la vijana wenzangu: YouTube ipo, mwacheni mzee apakie video zake. Wengi hufurahi wakiona video ya ngoma ya harusi imetazamwa na maelfu. Nani kaipakia? Aghalabu ni mgeni mwalikwa mwenye simu nzuri. Majina ya wapigaji hayapo. Sauti imepasuka, sanduku halisikiki, ni vigelegele na honi za gari. Miaka ishirini ijayo mtoto wa Chwaka akitaka kujifunza namna babu yake alivyolishika sanduku lile, lile boksi la chai lenye uzi mmoja na mti, atajifunza nini hapo? Atasikia honi.

Kuna mzee mmoja wa upande huo wa mashariki, mpiga fidla, jina lake nalihifadhi kwa kuwa hakuniruhusu kulitaja. Aliwahi kuingia duka moja la zawadi mjini kumsindikiza mgeni. Duka linapiga muziki. Akasimama. Akamwambia mgeni kwamba fidla ile anaijua, ni yake. Muuza duka akacheka kwa adabu, akamwonesha CD. Jina la kikundi lilikuwepo, jina lake hapana. Bei imeandikwa kwa dola. Mzee hakuwa na hasira wakati ananihadithia, na hilo ndilo lililonikera. Aliona ni jambo la kawaida, kama mvua kunyesha masika.

Si jambo la kawaida, wala hatukuanza nalo sisi. Kule Marekani alikuwepo mkulima wa tumbaku, Frank Proffitt, wa milima ya North Carolina, aliyetengeneza banjo kwa mikono yake. Mwaka 1938 alimwimbia mgeni aliyekuwa akikusanya nyimbo za asili wimbo mmoja wa ukoo wake kuhusu mtu aliyenyongwa, Tom Dooley. Miaka ishirini baadaye, 1958, kundi la vijana wa mjini, Kingston Trio, wakautoa wimbo huo, ukauza mamilioni ya nakala. Proffitt yupo shambani.

Nani alikuja kumrekodi yeye mwenyewe, kwa jina lake na sauti yake? Ni lebo ya Folk-Legacy, iliyoanzishwa 1961 na Sandy na Caroline Paton, mume na mke waimbaji, pamoja na rafiki yao Lee Haggerty. Rekodi yao ya kwanza kabisa, mwaka 1962, ilikuwa ya Frank Proffitt, na jalada likataja mpaka kijiji chake. Waliiendesha lebo hiyo nyumbani kwao kijijini, si New York, kwa miongo. Hawakuwa matajiri. Walipozeeka, katalogi haikutupwa: mwaka 2019 ilichukuliwa na Smithsonian Folkways, taasisi ambayo ilipoinunua Folkways yenyewe mwaka 1987 iliahidi kwamba rekodi zote zaidi ya 2,000 zitaendelea kupatikana, hata ile inayouza nakala moja kwa mwaka.

Mtasema hiyo ni Marekani. Sawa, njooni Nairobi. Mwaka 2007 mwanamuziki Tabu Osusa, aliyekuwa akiongoza Nairobi City Ensemble, alianzisha Ketebul Music. Ketebul kwa Kijaluo ni vijiti vya kupigia ngoma. Walianza na studio pale GoDown, wakafuatilia historia ya benga na kuitoa mwaka 2008 pamoja na kitabu na filamu, wakaendelea na muziki wa Wakikuyu na mingineyo. Tangu 2011, kwa mradi wa Singing Wells wakishirikiana na Abubilla Music ya London, wamekuwa wakibeba mitambo kwenye gari na kuwafuata wapigaji vijijini, Kenya na nchi jirani. Ukweli ni kwamba nao wameegemea wafadhili, Ford Foundation ikiwemo, na hapo onyo langu la juu linawahusu pia. Lakini wameonesha kwamba mwanamuziki wa Afrika Mashariki anaweza kuendesha lebo, kuchapisha, na kuheshimika. Nairobi wamefanya. Sisi tunaojiita kitovu cha taarab tunangoja nini?

Sasa onyo, maana sitaki kuwauzia ndoto. Kuiita lebo "ndogo" na "huru" haitoshi. Uingereza mwaka 1969 Bill Leader, mrekodi mwenye mapenzi makubwa na nyimbo za asili, alianzisha lebo za Leader na Trailer. Rekodi nzuri ajabu. Lebo zikashindwa kifedha, katalogi ikapita mikono mingine, na nyingi ya rekodi hizo hazikuonekana tena madukani kwa miongo. Mmoja wa waliorekodi huko alikuwa Nic Jones. Mwaka 1982 alipata ajali mbaya ya gari iliyomwondoa jukwaani. Mtu aliyepoteza uwezo wa kupiga kama zamani, rekodi zake za mwanzo ndizo zilizobaki kuwa mikono yake, na rekodi zenyewe zikafungiwa. Hakuna aliyekusudia ubaya siku ya kusaini. Walisahau tu kuandika itakuwaje lebo ikifa.

Kwa hiyo lebo ninayoitaka mimi ianze na karatasi kabla ya maikrofoni. Karatasi ya Kiswahili, ya ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti barazani na kila mpigaji aielewe. Iseme mambo matano tu.

Moja, masta ni mali ya waliopiga. Lebo inaikodi kwa miaka inayotajwa, tuseme saba, kisha inarudi.

Mbili, kila aliyepiga jina lake liandikwe, mpaka wa cherewa na wa mkwasa. Asiwepo mtu anayeitwa "na wenzake".

Tatu, gharama ziandikwe kabla ya siku ya kurekodi, na daftari liwe wazi kwa mwanachama yeyote, siku yoyote.

Nne, gharama zikisharudi, mgao uwe nusu kwa nusu, na nusu ya kikundi igawanywe kama kikundi kilivyokubaliana mapema, si baada ya fedha kuingia. Fedha ikishaingia hakuna makubaliano, kuna ugomvi.

Tano, lebo ikifa, masta zote zirudi kwa wenyewe, na nakala moja ya kila rekodi iwe imekwisha wekwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani tangu siku ya kwanza.

Mitambo? Kidumbak ni fidla, sanduku, vidumbak viwili, mkwasa, cherewa na sauti. Maikrofoni chache nzuri, kompyuta, chumba chenye mazulia na magodoro ukutani, na fundi aliyesomea kazi. Mafundi wapo. Vijana waliopita DCMA wapo, wengine wanapiga hotelini nyimbo za Kizungu wageni wakila kamba, na wangetamani kazi ya maana.

Na kwa nini Chwaka? Kwa sababu mjini kila kitu hugeuka kuwa cha mgeni. Ukiweka lebo Mji Mkongwe, mwezi wa tatu itakuwa na mlango wa Kizanzibari wa kuchonga, mwezi wa sita itauza kahawa, mwaka wa pili itakuwa hoteli. Kodi peke yake itaimaliza. Kijijini nyumba ni nafuu, usiku ni kimya, na wapigaji hawaombi ruhusa ya kazi kuja kurekodi, wanatembea kwa miguu baada ya Isha. Kina mama wanaoimba kwenye harusi na ngoma zao, ambao hawajawahi hata kuiona studio, hawatahitaji nauli wala mume wa kuwabeba mpaka mjini. Na kubwa zaidi, Chwaka ina watu wanaojua kusimama pembeni ya dalali na kusikiliza bei kwa masikio yao. Utamaduni huo ndio ninaoutaka ndani ya lebo.

Sasa nanyi wasomaji, wengi wenu ni wasomi. Kuna mwanasheria humu, kuna mhasibu, kuna anayetengeneza tovuti, kuna aliyeko Leicester au Maskati mwenye akaunti inayopokea fedha. Hakuna anayewaomba mchango. Wazee wetu wamekwisha changiwa vya kutosha kwenye misiba. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013 dunia nzima iliandika. Alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akatengenezewa filamu, akazunguka Ulaya na Asia, na aliishi na kufa mtu wa kawaida wa Ng'ambo. Kaburi lake lilijaa watu wakubwa. Nafasi ya kusoma mkataba kwa sauti wakati yu hai ilikuwepo kwa miaka mingi sana.

Wapo wengine wazima leo. Wanakohoa kidogo, fidla bado iko ukutani, vidole bado vinakumbuka. Mwanasheria, saa mbili zako za Jumamosi zinatosha kuandika ule ukurasa mmoja. Mhasibu, daftari la kwanza ni shilingi elfu mbili dukani. Na siku mtakapoalikwa tena kumtunza mzee cheti, mkiwa mmekaa pale mbele na tai zenu, kabla ya picha inueni mkono mmoja na kuuliza, kwa adabu zote za Kizanzibari: shikamoo mheshimiwa, samahani, masta iko kwa nani?